Saa Sita, Popote Ulipo

Naro Moru
14 Julai 2025

Kwako Mwalimu Makokha,

Nimeshuka jana jioni na bado sijaoga. Unajua kwa nini. Ulitufundisha sote, kule kwenye miamba ya Naivasha, kwamba mwongozaji akitoka mlimani huandika kwanza na kuoga baadaye, kwa sababu maji ya moto huosha jasho pamoja na ukweli. Wenzangu wanarekodi sauti kwa simu wakiwa wamelala chali. Mimi nimekaa kwenye kreti ya soda, nanuka kama beberu, naandika kwa biro kwa ajili ya mzee mmoja wa Bondeni anayesema simu ni ya kujigamba na karatasi ni ya kufikiri. Mungu anakuona.

Haya, ripoti. Wateja walikuwa wawili, Lewis na Sue, wachumba kutoka Nairobi. Tulianza kupanda uso wa kaskazini saa kumi na nusu alfajiri, baridi ya kukata masikio. Saa mbili tulikuwa tumemaliza ule mnara wa mwamba ulio katikati ya njia. Kilele cha Batian tulikikanyaga saa tano na dakika ishirini. Lewis alilia machozi ya kweli. Sue hakulia, aliuliza kama kuna network. Tulianza kushuka kwa kamba, na saa saba mawingu yakatoka bondeni na kutumwagia mvua ya mawe, kila jiwe saizi ya njegere. Ni Julai, upande huo ungepaswa kuwa mkavu kama ulimi wa mlevi! Nilimweka Sue katikati na hakuna aliyekwaruzwa.

Mwalimu, hiyo ni ya pili. Chama cha waongozaji kinataka niongoze Batian mara tatu, wateja wafike kileleni na warudi salama, kisha mwalimu wangu aweke sahihi. Kinaketi mara moja tu kwa mwaka, tarehe kumi na tano Septemba. Orodha ya viongozi wa Batian haina jina la mwanamke hata mmoja, na nikikosa mwaka huu nitabeba kamba za wengine msimu mwingine mzima. Mama yangu amekata maua ya waridi ya watu miaka ishirini na miwili. Ninataka aone jina langu kwenye orodha hiyo akiwa bado na nguvu za kujivuna.

Mwaka jana, mwezi wa nane, nilipokushusha na mguu umevunjika, uliniambia ukiwa kwenye machela kwamba nitakuwa kiongozi kabla wewe hujatembea. Basi tushindane. Mguu unaendeleaje? Msalimie Mama Edinah, mwambie hakuna mandazi mlimani.

Wako,
Wawira Kinyanjui


Bondeni, Nakuru
18 Julai 2025

Wawira,

Barua yako imefika na harufu yake. Edinah aliianika kwenye kamba ya nguo kabla ya kunipa.

Nimeisahihisha kwa biro nyekundu kama kawaida. Umeandika "mawingu yakatoka bondeni." Bonde lipi? Mlima ule una mabonde kama sketi ya shule ilivyo na mikunjo. Mwongozaji haandiki mawingu tu, huandika yametoka wapi na yalikuwa na haraka gani. Mahali pengine umeandika "baridi ya kukata masikio." Masikio yako si kipimajoto. Niambie kama maji yaliganda kwenye chupa.

Baada ya hayo, nakubali kwamba ulifanya vizuri. Kumweka Sue katikati wakati Lewis ndiye aliyekuwa analia, hilo linahitaji macho. Wengi wangemhangaikia anayetoa machozi, na wewe ulimwona yule anayeuliza network kwa sababu ameogopa. Nilikaa na sentensi hiyo asubuhi nzima.

Kiangazi cha siku hizi kimekosa adabu. Nilipotoroka kazi ya kiwanda cha unga kwenda kubeba mizigo ya wazungu mlimani, ningeweza kukutajia tarehe ambayo mwamba utakauka. Baba yangu alikasirika, yeye na baba yake walikuwa watu wa reli, waliokuja Nakuru kutoka Bungoma, na treni haiulizi hali ya anga. Leo hata mimi na miaka yangu thelathini na moja kule juu siwezi kukuahidi wiki moja. Ndiyo maana kanuni ni moja tu: saa sita kamili, popote ulipo, geuka. Hata kama kilele kiko karibu nawe kama jiko na mlango.

Mguu unaendelea. Jana nilitembea mpaka kwenye geti nikarudi. Januari, upande wa kusini ukikauka, tutapanda pamoja.

Mwalimu wako,
Micah Makokha


Naro Moru
5 Agosti 2025

Mwalimu,

Sijaoga, na leo sina hata hamu ya kuoga.

Mteja wangu alikuwa mmoja, Shantel, mwalimu wa michezo katika shule moja hapo Nakuru. Miaka miwili amejiandaa. Kila Jumamosi alikuwa akipanda Menengai kwa miguu na mfuko wa mchanga mgongoni. Wanafunzi wake walimshonea bendera ya shule aifungue kileleni. Nilimpenda kuanzia siku ya kwanza.

Usiku theluji ilianguka, na alfajiri mwamba ulikuwa umevaa barafu nyembamba kama glasi ya taa. Maji yaliganda kwenye chupa, umeridhika? Tulikwenda polepole, kila hatua nikipasua barafu kwanza. Saa sita kamili tulikuwa kwenye ukingo wa mwisho. Kilele tunakiona. Kwa mwendo wa saa moja na kitu, ningemfikisha. Anga bluu kila upande, hakuna wingu hata la kutengeneza pamba ya sikio. Nikamwambia tunageuka.

"Unajoke," akasema.

"Sijoke. Ni saa sita."

"Wawira, hebu angalia hii sky! Iko clear kabisa. Ama ni wewe unaogopa?"

"Ndio, naogopa. Geuka pole pole, nimekushika."

Alishuka analia, bendera ikiwa kifuani, haijafunguliwa. Na sasa sikia. Saa saba, bluu. Saa tisa, bluu. Tulifika chini saa kumi na moja jua linawaka, hakukuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Jioni nzima kilele kilikaa pale kimeoga, kinanitazama. Shantel aliondoka bila kuniaga. Vijana hapa wamenipa jina jipya, wananiita Saa Sita, na nikipita wanaangalia mikono yao kama wamevaa saa.

Mwalimu, hiyo saa sita yako ilitoka wapi? Nani aliipima? Ningeweza kumfikisha. Najua ningeweza. Sasa nina mteja mmoja tu kabla ya chama kuketi, na roho yangu imechafuka.

Wawira


Bondeni, Nakuru
9 Agosti 2025

Wawira, binti yangu,

Nimesoma barua yako mara nne. Mara ya nne nilimsomea Edinah kwa sauti, akaacha kukanda unga akakaa chini.

Nitakuambia neno ambalo sijawahi kumwambia mwanafunzi yeyote. Miaka thelathini na moja nimegeuka mara nyingi sana mlimani, lakini kila mara ni mvua iliyonigeuza, au ukungu, au mteja aliyetapika. Chini ya anga ya bluu, kilele kikiwa mbele ya macho yangu, mtu akinilia usoni, sijawahi kugeuka. Sidhani kama ningeweza. Wewe umeweza, na umri wako ni miaka ishirini na tisa. Nimekaa hapa dirishani nikijivuna mpaka jirani ameniuliza kama nimeshinda kesi.

Umeuliza nani aliipima. Waliipima wabeba mizigo wa zamani, kwa miili yao. Siku tisa katika kumi, baada ya saa sita mlima hujifunika. Hizo tisa hazina shida, zinakufukuza zenyewe. Ile ya kumi ndiyo mbaya, siku ya bluu mpaka jioni, kwa sababu inamnong'oneza mtu kwamba kanuni ni ya waoga. Akiisikiliza, siku nyingine atapotea pamoja na mteja wake.

Kuhusu kilele: siwezi kukuwekea sahihi kwa kugeuka, ingawa ningetamani. Chama huhesabu waliofika juu. Hakijawahi kufikiria kuwahesabu waliorudishwa. Mpate mteja wako wa mwisho, uende naye taratibu, na ukiona saa sita fanya kama ulivyofanya.

Vijana wakikuita Saa Sita, itika. Mimi ningelipenda jina hilo.

Mguu unaendelea. Nimepeleka viatu vyangu vya kupandia kwa fundi abadilishe soli.

Micah Makokha


Naro Moru
25 Agosti 2025

Mwalimu wangu,

Ni tatu! Andika kwenye ukuta wa nyumba, mwambie Mama Edinah apige vigelegele Bondeni nzima isikie. Ni tatu!

Mteja aliitwa Maxwel, fundi wa mitambo ya mvuke kule Olkaria, mwanamume mwenye mikono kama koleo na mdomo usiopumzika. Tulianza saa kumi alfajiri. Maji kwenye chupa hayakuganda. Mwamba ulikuwa mkavu, safi, wa kubusu. Saa moja na nusu tulikuwa juu ya mnara, na kilele tulikifikia saa tano na nusu. Tulikaa dakika kumi, tukala mayai ya kuchemsha. Kivuli changu kilikuwa kifupi, kimejikunja kwenye theluji upande wa kilele cha pili, Nelion, nikakipigia saluti. Nilikukumbuka sana pale. Ukungu kutoka magharibi ulitukuta tukishuka, na mvua ya mawe kidogo, hakuna la kusimulia. Maxwel yuko salama, amerudi kazini.

Nimeambatanisha fomu. Tia sahihi pale nilipoweka alama ya penseli, unitumie kwa gari la Nyahururu kabla ya tarehe kumi. Mama ameshanunua kitambaa cha nguo ya siku hiyo. Maji ya ziwa la Naivasha yamefika mlangoni kwetu Kihoto, lakini yeye anazungumza kitambaa tu.

Nimefurahi mpaka nimechoka.

Wako,
Wawira


Bondeni, Nakuru
29 Agosti 2025

Wawira,

Fomu imerudi kama ilivyokuja. Sijatia sahihi.

Barua yako ni fupi. Wewe huandiki kwa ufupi. Shantel alipata kurasa tatu na hakufika, Maxwel amefika na amepata nusu ukurasa. Hilo peke yake ningelisamehe, furaha huweza kumkaba mtu. Lakini umeandika kwamba mlikuwa kileleni saa tano na nusu, na kivuli chako kilikuwa kwenye theluji upande wa Nelion.

Nelion iko mashariki ya Batian, na saa tano na nusu jua bado liko mashariki. Kivuli chako kingeangukia magharibi, nyuma yako ukiitazama Nelion. Nimekaa kwenye kilele hicho zaidi ya mara mia mbili, Wawira, nimekula mayai yangu pale. Kivuli hakihamii upande wa Nelion mpaka jua livuke kichwa, na hilo haliwezekani kabla ya saa saba. Mlikuwa juu saa saba na zaidi. Uligeuza saa kwenye karatasi kwa sababu hukugeuka mlimani.

Sijakasirika kwa kuwa umekosa. Mtu hukosa. Nimekasirika kwa kuwa umeniandikia uongo kwa mkono ule ule ulioniandikia barua ya tarehe tano. Barua ya mlima ni kamba. Mtu wa chini huishika akiamini imefungwa juu. Kiongozi anayeandika saa ya uongo siwezi kumpa wateja, hata awe amenishusha mlima mzima mgongoni.

Ukitaka kuniandikia tena, niandikie saa zako.

M. Makokha


Naro Moru
3 Septemba 2025

Mwalimu,

Hizi hapa saa zangu.

Saa sita kamili tulikuwa mahali pale pale nilipomgeuza Shantel. Anga ilikuwa ile ile ya bluu. Maxwel hakunisukuma, usimlaumu. Aliniangalia tu, akasema, "Wewe ndio boss, sema tu." Nilikumbuka vijana wanavyoangalia mikono yao nikipita. Nikasema twende. Saa saba na nusu tulikuwa juu, na mayai tuliyala kweli. Tukiwa bado tunatafuna, vyuma vya kamba vikaanza kuvuma kama nyuki kwenye mzinga. Nywele za Maxwel zikasimama kwa umeme wa hewani. Sikuwa nimeliona wingu, lilikuja kutoka nyuma yetu, chini ya ukingo. Nilimsukuma chini ya jiwe, tukatupa vyuma mbali, tukakalia kamba na mabegi. Radi ikaipiga Nelion mbele ya macho yetu, mita mia na arobaini, ninakijua kipimo hicho kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha. Tulikaa chini ya jiwe hilo kwa muda wa saa mbili na nusu tukipigwa na mvua ya mawe. Tulifika chini saa nne usiku. Maxwel alinishika mikono akasema mimi ni shujaa, nimeokoa maisha yake. Nilimwacha aseme. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko radi.

Basi uliponikataa, ulikuwa na haki. Fomu nimeichana.

Lakini sasa na mimi nina biro nyekundu. Mwaka jana, hospitalini Nyeri, uliandika ripoti yako ya ajali. Uliandika kwamba jiwe lilitoka juu likakupiga mguu saa tano asubuhi. Mimi ndiye shahidi, jina langu liko chini ya lako. Hakukuwa na jiwe. Ilikuwa saa nane mchana, mvua ilikuwa imeshaanza, ukateleza. Tulikuwa wawili tu, hatukuwa na mteja, mimi nilikuwa nimeshika upande wa pili wa kamba, na saa nilikuwa nimeivaa. Uliniambia ukiwa kitandani kwamba mwalimu aliyevunja kanuni yake mwenyewe hatafundisha tena, na kwamba kufundisha ndiko kulikokubakia. Nikatia sahihi. Ningetia mara mia.

Kwa hiyo ukiniuliza nilijifunza wapi kugeuza saa kwenye karatasi, jibu unalo.

Siendi kwenye kikao. Ninakwenda Kihoto kumsaidia Mama kutoa vitu, maji yameingia ndani.

Wawira


Bondeni, Nakuru
14 Septemba 2025

Mwanangu Wawira,

Ni mimi Mama Edinah. Mzee hajui ninakuandikia, na kwa jinsi nilivyokasirika leo hata akijua sijali. Ninaituma Kihoto kwa mama yako, nimesikia uko huko na maji.

Barua yako ilipofika alisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati. Siku nne hakula cha maana. Nilimpikia uji wa wimbi, akautazama mpaka ukaganda. Nikamuuliza, "Mzee, kwani huyo msichana amekuandikia nini?" Akasema, "Ameniandikia saa." Sikuelewa na sikuuliza tena.

Leo asubuhi nimeamka nikakuta kitanda kitupu. Amechukua magongo na sweta ya kanisa, ameenda stendi. Jirani ndiye amemwona akipandishwa gari la Nyahururu. Kesho kuna kikao chenu kule Naro Moru, ndio nimeunganisha.

Sasa nikuambie kitu ambacho amenikataza. Ule mguu anaokuambia unaendelea, ulikatwa mwezi wa tano, juu ya goti. Uliingiwa na maradhi kwenye mfupa, madaktari wakasema ama mguu ama yeye. Hajawahi kutembea mpaka getini. Huwa ninamweka dirishani asubuhi na kumtoa jioni. Viatu vya kupandia vilibadilishwa soli vyote viwili na fundi akaniletea. Niliviweka chini ya kitanda, sikusema kitu.

Anakupenda, mwanangu. Barua ile ya msichana uliyemgeuza analia, ameisomea watu wote wanaokuja kununua mandazi. Kuna mteja wangu mmoja anayeijua kwa moyo. Kama amekukosea, mkosee na wewe kidogo, kisha mpatane. Nina wasiwasi na baridi ya huko.

Mama yako,
Edinah


Bondeni, Nakuru
18 Septemba 2025

Wawira,

Nimerudi jana. Edinah hanisemeshi, ananipa chakula kama mfungwa. Ameniambia kwamba amekuandikia, kwa hiyo mambo ya mguu unayajua. Nilitaka uendelee kuniona nikisimama. Ulikuwa ujinga wa mzee, na nimeumaliza.

Nilifika kwenye kikao wakiwa wanaomba dua ya kufungua. Kiptanui, mwenyekiti, aliponiona mlangoni aliharakisha kusema amina, akaja kunishika. Waliniletea kiti, nikakataa. Nilitaka kusema nimesimama, hata kama ni kwa vijiti viwili. Niliwaambia ripoti yangu ya mwaka jana ni ya uongo. Jiwe hakuna. Saa ni nane. Makokha, aliyewapigia wote kelele ya saa sita kwa miaka thelathini na moja, alikuwa bado anapanda saa nane mvua ikinyesha, kwa sababu alikuwa ametimiza miaka sitini wiki hiyo na alitaka kujua kama bado ni kijana.

Hata kwenye hasira yako, kuna jambo moja hukuliandika. Niliipekua barua yako nikilitafuta, kwa maana ndilo ningeliandika mimi kama ningekuwa wewe. Nililisema mbele yao. Niliwaambia kwamba saa sita kamili siku ile ulivuta kamba na kusema, "Mwalimu, saa." Nikakujibu ngoja. Saa saba ukavuta tena. Saa nane kasorobo, matone ya kwanza yakianguka, ukavuta mara ya tatu, na sauti yako ilikuwa inatetemeka.

Kiptanui akaniuliza, "Na wewe ukamwambia aje, Mzee?"

Nikamwambia, "Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia akae kimya mtu mzima anafanya kazi."

Wengine mle ndani niliwafundisha kufunga fundo la kwanza. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa mkuu, nikadhani methali hiyo inanilinda. Niliwaambia pia yaliyofuata. Kwamba mtu niliyemnyamazisha alinifunga mguu kwa fimbo za hema, akanishusha kamba baada ya kamba tangu mchana mpaka alfajiri, peke yake, kwenye mwamba uliolowa, na kila tulipopumzika aliniuliza jina langu ili nisilale. Kwamba hakunikumbusha saa hata mara moja. Nimeongoza mamia ya watu, Wawira, nimefanya kazi na wazungu waliopanda milima ya dunia yote, na sijaona mwongozaji kama niliyemwona usiku ule nikiwa nimening'inia kama gunia. Hilo nililisema kwa sauti kubwa, niliwataka waliokaa nyuma wasikie.

Barua yako ya saa za kweli niliwasomea pia, ile ya radi. Nisamehe, sikukuomba ruhusa. Sikutaka wakusifu kwa kitu nusu.

Haya ndiyo waliyoamua. Jina langu limefutwa kwenye orodha ya walimu. Sahihi yangu haina kazi tena, hata ningetaka kukupa leo ningekuwa ninachafua karatasi. Wewe umepewa msimu mmoja wa kungoja, kwa saa ya Maxwel na kwa jina lako chini ya langu. Vile vilele viwili ni vyako, vinabaki. Mwaka ujao utapanda na Kiptanui akiwa mwalimu wako, na mwenyewe ameomba awe yeye. Najua mama yako ameshanunua kitambaa. Mwambie nimekuomba radhi wewe na yeye pia. Ni adhabu ya haki, na inaniuma kwa sababu nusu yake ni yangu na wewe ndiye unayeibeba.

Sasa nikufundishe jambo la mwisho, bure, maana siruhusiwi tena kufundisha. Nilikuonyesha mafundo yote, nikakuonyesha mawingu, na sikuwahi kukuonyesha unachoweza kumfanyia mwalimu wako akikosea. Ulivuta kamba mara tatu kwa adabu, kama ulivyolelewa. Lakini anayepanda mbele hana kamba yake mwenyewe. Anapanda kwa kamba anayopewa na aliye chini. Siku nyingine mkubwa yeyote akikuambia unyamaze na saa imepita, nyamaza kweli, keti kwenye mwamba, ufunge kamba kwenye nanga ya chuma iliyopigiliwa hapo, usimpe hata futi moja. Atafoka, atakutukana, atakuambia amepanda mlima huu kabla hujazaliwa.

Usimpe. Hata akiwa ni mimi.

Micah Makokha